Boksi Jipya, Mtumba wa Dubai au Betri Mpya?

MWALIMU: Nina laki tano, na sitaki kuongeza hata senti. Miaka minne iliyopita nilinunua simu kwa laki tatu na nusu ikanitosha. Leo nimezunguka Mtaa wa Aggrey tangu asubuhi, naambiwa laki tano itanipa nafasi ile ile, RAM ile ile, na kamera ambayo hata mpiga picha za paspoti angeikataa. Kabla hamjaanza kunichagulia rangi, nielezeni: kilichopanda ni simu au ni tamaa?

MUUZA SIMU: Mama, safari hii lawama si yangu. Ndani ya simu kuna kumbukumbu za aina mbili: RAM, ambayo simu inafanyia kazi, na ile ya kuhifadhia picha na mafaili. RAM za dunia karibu zote zinatoka kwa kampuni tatu, Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Hao wameona wajenzi wa vituo vya akili mnemba wanalipa vizuri kuliko watengeneza simu, mitambo wakaigeuzia huko. Desemba 2025 Micron ilitangaza kabisa kwamba inaachana na kumbukumbu za Crucial, zile za mteja wa kawaida wa dukani. Mzigo umepungua, wanaougombea wameongezeka. Na inayoumia zaidi ni simu ya bei ya chini. Kwenye simu ya milioni tatu kumbukumbu ni sehemu ndogo ya gharama. Kwenye ya laki tatu ni donge.

FUNDI: Hilo sibishi. Ninachobisha ni kwamba sababu ya kupanda bei hufika dukani siku hiyo hiyo, ila ya kushuka hupotelea njiani. Mwaka wa fedha 2021/22 serikali iliondoa VAT ya asilimia 18 kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili watu wengi waingie kwenye intaneti. Mwaka uliofuata ikairudisha, kwa maelezo kwamba nafuu haikumfikia mlaji. Ilikwenda wapi?

MUUZA SIMU: Umeisimulia nusu, fundi. Bidhaa ikisamehewa VAT, muuzaji naye hawezi tena kudai ile VAT aliyolipa kwenye pango na usafiri. Inabaki shingoni mwake, anaiingiza kwenye bei. Na mzigo uliokuwa stoo ulishaingia kwa kodi ya zamani. Asilimia 18 ya kwenye karatasi haiwi asilimia 18 ya kaunta.

FUNDI: Hata tano nayo ilikataa kufika kaunta?

MUUZA SIMU: Mimi nilishusha. Jirani zangu siwasemei.

MWALIMU: Wanafunzi wanaosema hivyo nimewafundisha miaka ishirini na mitano. Tuendelee. Kwa laki tano unanipa nini?

MUUZA SIMU: Ya boksi, haijaguswa na mtu. Betri ya mAh 5,000, laini mbili, kioo kikubwa, waranti ya mwaka, RAM kumi na sita.

FUNDI: Kumi na sita! Geuza boksi, mwalimu, usome yale maandishi madogo. Nane kujumlisha nane. Nane ya kwanza ndiyo RAM. Nane ya pili imekopwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhia, ambayo mwendo wake haukaribii hata kidogo mwendo wa RAM. Ni sawa na mwenye nyumba akutangazie vyumba viwili, ukifika cha pili unakuta ni mkeka sebuleni.

MUUZA SIMU: Kwani nimeficha? Si imeandikwa?

FUNDI: Imeandikwa. Namba kubwa imeandikwa kwa wino wa dhahabu, alama ya kujumlisha kwa kalamu ya risasi. Na kwa jinsi RAM ilivyopanda, mikeka itazidi kutandikwa. Mimi ningekuwa na laki tano ya mwalimu nisingegusa boksi. Ningechukua simu ya daraja la juu iliyotumika, zile zinazoletwa kutoka Dubai. Simu iliyozinduliwa kwa milioni mbili na ushee, leo unaipata kwa laki nne na kitu. Kamera yake ni ya kweli, kioo chake kinaonekana juani, inavumilia maji, na nafasi yake ya ndani inasoma mafaili upesi kuliko hizi mpya za bei ya chini. Nyingi za bei ya chini bado zinatumia kumbukumbu ya eMMC, teknolojia ya zamani. Ndiyo maana mtu ananunua simu mpya, baada ya mwaka anakuja kwangu: "Fundi, inakwama." Haina virusi. Imezaliwa hivyo.

MUUZA SIMU: Na mtumba wako ukifika na kioo cha kubandika? Betri iliyochoka? Namba ya IMEI iliyochezewa? Nani ana waranti ya Dubai?

FUNDI: Bonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli. IMEI ikija, itume kwenda 15090 uone jina la simu linalorudi. Kama mkononi una Samsung na jibu linakuja na jina lingine, rudisha. Tulifundishwa hayo mwaka 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozizima simu bandia mwezi Juni. Watu walilala na simu wakaamka na vioo vya kujitazamia. Kwenye betri na kioo, njoo na fundi. Mimi nawaambia wateja wasinunue mtumba peke yao, kama wasivyonunua gari peke yao.

MTENGENEZA PROGRAMU: Naomba niingie hapo. Fundi anatazama kioo, kaka anatazama boksi. Mimi kitu cha kwanza ninachotazama ni tarehe. Kila simu ya Android ina siku ya mwisho wa matumizi kama pakiti ya maziwa, ila haipigwi muhuri kwenye boksi. Ni siku ambayo kampuni inaacha kuitumia masasisho ya usalama. Chukua Galaxy S21, ambayo fundi atakushauri kwa moyo mweupe kabisa. Ilizinduliwa Januari 2021 ikiwa na Android 11, ikaahidiwa kupandishwa matoleo manne. Android 15 ndiyo ya nne. Kituo chake cha mwisho hicho. Kwa upande wa pili kuna Galaxy A16, simu ya kawaida sana, plastiki tupu, ilitoka mwishoni mwa 2024 na ahadi ya miaka sita. Kamera ya S21 inaiacha mbali. Lakini mwalimu hanunui simu ya kuoneshea watu harusini, ananunua ya kutumia mpaka astaafu.

FUNDI: Miaka sita tangu lini?

MTENGENEZA PROGRAMU: Swali zuri. Tangu ilipozinduliwa. Ukiinunua leo usihesabu sita, hesabu iliyobaki. Na ndugu yangu muuzaji akikwambia "hii ni mpya", muulize mpya kwa nani. Boksi linaweza kuwa halijafunguliwa na simu yenyewe imeshakula miaka miwili ya ahadi ikiwa rafuni.

MUUZA SIMU: Binti, unaniharibia biashara kwa sauti ya upole. Niambie wewe: ahadi ya Korea nitaidai wapi? Ikifika mwaka 2030 na sasisho halijaja, mwalimu atapanda daladala kwenda Seoul?

MTENGENEZA PROGRAMU: Atasaidiwa na Ulaya, bila kwenda huko. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu inayouzwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya lazima ipewe masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya kampuni kuacha kuiuza. Betri lazima ibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mara 800. Vipuri viendelee kupatikana miaka saba. Kampuni ikishaandika sasisho kwa ajili ya Mjerumani, kumpa na Mtanzania mwenye simu hiyo hiyo haiigharimu sana. Ndiyo maana nawaambia watu wachague modeli ambayo na Ulaya ipo.

FUNDI: Simu hiyo hiyo kwa jina. Fungua sehemu ya "kuhusu simu" uangalie namba ya modeli. Jina moja lina namba nne, kila soko na yake. Mimi nimeshapokea simu mbili za jina moja, moja imesasishwa juzi, nyingine iko gizani tangu mwaka juzi.

MTENGENEZA PROGRAMU: Kweli. Hilo nakupa.

MWALIMU: Subirini kidogo. Mimi nilikuwa na Tecno, nikaona nipande, nikahamia Infinix. Na hizo zina ahadi gani?

MUUZA SIMU: Ulipanda ngazi ndani ya nyumba ile ile, mama. Tecno, Infinix, itel, zote ni za Transsion, kampuni ya Shenzhen.

(Mwalimu alinyamaza hapo kwa muda. Nadhani alikuwa anahesabu maneno aliyowahi kumwambia shemeji yake kuhusu Tecno.)

MUUZA SIMU: Na msiwaonee. Hao ndio waliokuja na laini mbili wakati wakubwa wanatuona tuna wazimu kutembea na laini tatu mfukoni. Walitengeneza kamera inayoiona ngozi yetu, wakaleta betri ya kuvumilia mgao wa umeme. Bila wao nusu ya wateja wangu wangekuwa na vitochi mpaka leo. Ahadi zao za masasisho hutofautiana modeli kwa modeli, na kwa simu za bei ya chini ni fupi. Lakini mteja wangu wa laki mbili hajawahi kuniuliza Android ngapi. Ananiuliza inakaa na chaji siku ngapi.

FUNDI: Na mimi naongeza la kwangu, mtaalamu asinikasirikie. Huko kuapdeti mnakokusifia, mimi ndiye ninayepokea maiti zake. Mtu analala simu ikiwa nzima, inajisasisha usiku, asubuhi kioo kina mstari wa kijani juu mpaka chini. Au imekuwa nzito kama imebeba gunia. Januari 2025 Google yenyewe ilituma sasisho kwa Pixel 4a, simu ya mwaka 2020, likapunguza uwezo wa betri kwa baadhi ya simu. Aliyelala na simu ya kutwa aliamka na simu ya nusu siku. Ilibidi wenye simu zilizoguswa wapewe chaguo la betri ya bure au fidia. Hao ni Google, wenye Android. Sasa mimi wa Buguruni nimwambie mteja wangu abonyeze "sakinisha" kwa imani?

MTENGENEZA PROGRAMU: Kuna sasisho la toleo na kuna sasisho la usalama. La toleo hubadilisha sura na huongeza uzito. Ukilikwepa kwenye simu dhaifu sikulaumu. La usalama huziba matundu, na lina uzito mdogo.

FUNDI: Matundu. Nina miaka kumi na miwili kwenye kiti changu. Sijaona hata mteja mmoja aliyeibiwa pesa kupitia tundu la Android. Nimeona mamia walioibiwa kwa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Hiyo nayo mnaiziba kwa sasisho gani?

(Wote walicheka, muuza simu akicheka kidogo kuliko wengine. Baadaye alikiri kwamba yeye alishatuma.)

MTENGENEZA PROGRAMU: Sina sasisho la hilo. Lakini wizi wa kimyakimya huwezi kuuona ukiwa kwenye kiti chako, fundi, kwa sababu aliyeibiwa haji kwako akisema ameibiwa. Anasema bando linaisha upesi. Mwaka 2020 simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, Ethiopia na Ghana zikiwemo, ziligundulika zimekuja na programu hasidi ndani yake, Triada na xHelper, zikiwa mpya kabisa. Zilikuwa zinamsajili mwenye simu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua, salio linaliwa polepole. Kampuni ilisema ziliingizwa na muuzaji wa kati kwenye mnyororo wa ugavi, na kwamba tiba ya Triada ilikwishatolewa 2018. Tiba ya 2018, na mwaka 2020 watu bado wanaliwa. Wale ambao sasisho halikuwafikia ndio waliolipa.

FUNDI: Hapo umenipiga.

MUUZA SIMU: Hajakupiga. Tazama WhatsApp. Mnatutisha kila siku kwamba simu ya zamani itafungiwa. WhatsApp iliachana na Android 4.4 tarehe 1 Januari 2025. Android ya mwaka 2013! Zaidi ya miaka kumi na moja. Simu ya Android 13 iliyopo rafuni kwangu, kwa mwendo huo, itamzika mwenyewe.

MTENGENEZA PROGRAMU: WhatsApp inataka kila mtu abaki ndani, kwa hiyo ina subira. Programu za benki hazina subira hiyo. Na mwalimu mshahara wake unapita benki.

MWALIMU: Unapita, haukai. Lakini endelea.

MUUZA SIMU: Naona laki tano ya mwalimu inaelekea kukataliwa pande zote. Basi kuna njia ya tatu: chukua simu ya laki sita kwa mkopo. Unaweka kianzio, unalipa kidogo kidogo kila siku kwa simu yako mwenyewe. Kenya walianza zamani. Julai 2020 Safaricom na Google walitoa Lipa Mdogo Mdogo, shilingi 20 za Kenya kwa siku. Bodaboda, mama lishe, mtu asiye na dhamana yoyote benki, anashika simu janja leo leo.

MWALIMU: Mkopo wa simu naujua kupitia kwa mtoto wa dada yangu. Alikuwa amebakiza wiki tatu kumaliza. Mama yake akalazwa, akaruka siku mbili za malipo. Simu ikajifunga. Kioo chote kikaandika lipa. Hospitali wanampigia wamweleze dawa za kununua, na yeye ana kipande cha kioo mkononi. Kampuni siitaji, maana ukishalipa hata wao wanakuita mteja bora.

MUUZA SIMU: Pole sana, mama. Lakini bila hiyo kufuli, nani angemkopesha kijana asiye na mshahara? Kufuli ndiyo dhamana. Nyumba ina hati, gari lina kadi, simu ina kufuli.

FUNDI: Dhamana sawa. Tupige hesabu basi. Tuseme simu ni laki tatu na nusu taslimu. Kianzio elfu sabini, halafu elfu moja mia tano kwa siku, mwaka mzima. Mia tatu sitini na tano mara elfu moja mia tano ni laki tano, arobaini na saba elfu na mia tano. Jumlisha elfu sabini: laki sita, kumi na saba elfu na mia tano. Umelipia simu moja na robo tatu, mkononi unayo moja.

MUUZA SIMU: Na aliyekaa mwaka mzima bila simu akisubiri laki tatu na nusu zitimie, amepoteza wateja wangapi? Hiyo hesabu mbona huipigi? Bodaboda asiye na simu janja hapati abiria wa kwenye programu. Ile simu inajilipa yenyewe.

FUNDI: Ikiwa haijajifunga.

MTENGENEZA PROGRAMU: Mnazungumzia kufuli kana kwamba ni ya mwenye mkopo peke yake. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba kwenye simu za Android zenye huduma zake, programu haitasakinishwa mpaka aliyeitengeneza awe amejitambulisha kwao, kwa jina na kitambulisho. Kwa ratiba waliyoitoa, Septemba 2026 ni Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, halafu 2027 nchi nyingine zinafuata. Haijalishi programu imetoka Play Store au nimekutumia kwa WhatsApp. Mwalimu, ile programu yangu ya kujumlisha alama mnayotumia shuleni kwenu, mliipata wapi?

MWALIMU: Ulinitumia wewe. Nikaituma kwenye kundi la walimu. Wa shule ya jirani wakaichukua kwa Xender ili wasile bando.

MTENGENEZA PROGRAMU: Basi ndivyo inavyosafiri. Haijawahi kuwa Play Store, na sina sababu ya kuiweka huko.

MUUZA SIMU: Na mimi kwa hili niko na Google, mnisamehe. Nusu ya simu zinazorudi dukani kwangu zikiwa "zimeharibika" zimeingizwa GB WhatsApp na takataka za kukopesha pesa, zile zinazochukua namba za ndugu zako wote halafu zinawatumia ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Hizo nazo zilisafiri kwa kutumiana. Mtu akijua jina lake limeandikwa mahali, atafikiri mara mbili. Mimi mwenyewe kuuza simu tu nimeandikishwa TIN, leseni, na mashine ya risiti. Wewe unataka kuingia kwenye simu ya mtu bila hata kitambulisho?

MTENGENEZA PROGRAMU: Nakubali matapeli wapo. Lakini TIN yako ulipewa na nchi yako. Ukionewa, una mbunge, una mahakama, una mtu wa kwenda kumlilia. Mimi kibali changu kitatoka California, na kikifutwa kimakosa nitaandikiana na mashine.

FUNDI: Na ni pesa?

MTENGENEZA PROGRAMU: Dola 25 kwa anayetaka kusambaza kwa wengi. Kwa wanafunzi na wanaojifunza walisema kutakuwa na njia ya bure, ila kwa idadi ndogo ya simu. Na baada ya kelele, Novemba 2025 walisema mtu anayezijua hatari zake ataachiwa mlango wa pembeni. Siwezi kusema wamefunga kila kitu. Nasema aliyeshika ufunguo amebadilika. Huawei ilipopigwa marufuku na Marekani, Mei 2019, simu zake mpya zilizofuata zilitoka bila huduma za Google. Walionunua hawakuwa wamegombana na mtu.

MWALIMU: Hebu nirudie, mnisahihishe. Mtoto wa dada yangu alikopa, simu ikafungwa na aliyemkopesha. Mimi nikilipa laki tano taslimu, kitu nitakachoingiza kwenye simu yangu kitaamuliwa na mtu ambaye hajanikopesha hata kumi. Sasa nani kati yetu mwenye simu?

MUUZA SIMU: Mwenye risiti.

FUNDI: Mwenye bisibisi.

MTENGENEZA PROGRAMU: Ningependa kusema mwenye programu, lakini hata sisi tunapanga.

MWALIMU: Na ninyi wote watatu mnakula kwenye simu yangu. Kaka anakula nikinunua. Fundi anakula ikiharibika. Wewe binti unakula nikiitumia. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nisinunue kabisa.

FUNDI: Mimi ninakwambia sasa. Lete hiyo ya zamani niione.

(Mwalimu aliitoa kwenye kitambaa. Kioo kina nyufa pembeni, mgongo umeanza kuvimba.)

FUNDI: Unaona mgongo unavyoinuka? Betri imechoka, na ikivimba hivi usiendelee kuichaji usiku karibu na kitanda. Betri mpya ni elfu thelathini na tano, kazi yangu ndani yake. Nafasi imejaa kwa sababu ya video za makundi; hizo nitakuhamishia kwenye kadi ya kumbukumbu. Ina miaka miwili mbele yake hii. Huenda mpaka hapo hao wa akili mnemba watakuwa wameshiba RAM.

MTENGENEZA PROGRAMU: Naomba nione sehemu ya usalama. Sasisho la mwisho ni la 2023. Mwalimu, kwa WhatsApp, picha na alama za wanafunzi, sawa. Benki, mimi ningeiondoa humo.

FUNDI: Aiondoe. Anunue kitochi cha elfu thelathini, laini ya pesa aiweke humo. Apige nyota, mia na hamsini, kama zamani. Programu hasidi za Android haziingii kwenye kitochi.

MWALIMU: Kwa hiyo baada ya miaka yote hii ya maendeleo, pesa zangu zinarudi kwenye kitochi.

MTENGENEZA PROGRAMU: Kitochi nacho hakimzuii anayekwenda kuisajili upya laini yako kwa kitambulisho cha uongo. Lakini fundi hajakosea sana.

MUUZA SIMU: Hajakosea? Mnataka kumrudisha mwalimu 2008 ili kukwepa RAM! Mama, nisikilize. Hiyo ya zamani ukiitengeneza leo, kesho kioo, keshokutwa mfumo wa chaji. Utakuja kwangu tu baada ya miezi minane, na siku hiyo laki tano haitanunua nilichokuwekea hapa. Mzigo huu niliuagiza kabla bei haijapanda. Unaokuja una bei nyingine, nimeshaiona kwenye karatasi ya msambazaji.

FUNDI: Kila mwaka una mzigo wa mwisho wa bei ya zamani.

MUUZA SIMU: Na kila mwaka unasema hivyo, na kila mwaka bei inapanda. Nani kati yetu amewahi kukosea?

MWALIMU: Hebu kwanza lete hilo boksi nisome namba ya modeli. Binti, itafute kwenye simu yako uone ilizinduliwa lini na imebakiza miaka mingapi ya ahadi. Fundi, shika hii ya zamani, fungua mgongo, lakini betri usiitoe bado.

MUUZA SIMU: Unauliza bei za watu wawili kwa pamoja, mama?

MWALIMU: Watatu. Hicho kitochi cha elfu thelathini kinauzwa duka gani?